Nyumba ya Tisa

Mimi ndiye mweka hazina. Naandika kwa wino,
maana kalamu ya risasi huja mtu akafuta.

Kiwanja: Mabela, nyuma ya karakana za magari,
mita mia tisa za kokoto na mgunga mmoja,
wakfu wa marehemu Bi Shinuna, na sharti lake:
wakae wazee wasioweza ngazi
wala hawana mtoto wa kuwapandisha.

Miaka minne ya barua.
Mwenye mhuri yuko likizo, likizo ikaangukia Ramadhani.
Tuliuza sambusa kila Ijumaa baada ya sala.
Tukapokea riali mia tano kwa mtu asiyetaka jina,
na baisa mia kwa mtoto aliyetaka risiti.
Nikamwandikia. Namba 0417.

Kodi tuliipima kwa mfuko wa mpangaji, si kwa soko:
riali thelathini, maji humo humo.
Riali thelathini hazijengi nyumba.
Hutengeneza pampu, hupaka chokaa, basi.
Tulijua. Tulipiga hesabu mpaka kahawa ikaganda finjanini.

Mhandisi Biju akachora nyumba tisa.
Hakuna kizingiti. Mlango unapita kiti cha magurudumu
bila kukwaruza. Swichi usawa wa kiuno.
Tukamwomba aje awaonyeshe wenyewe;
akatandaza ramani mkekani,
akaziwekea pembe zake vikombe zisijikunje.

Bi Ghaniya akavaa miwani, akaangalia, akaangalia.
"Kuzuri, mwanangu. Kila mtu na mlango wake,
kila mtu na kiyoyozi chake.
Sasa mimi nikifa Jumatatu, mtajua siku gani?"

Nilitakiwa nimfasirie Biju kwa Kiarabu.
Ulimi ulikataa.
Nikamwambia: anauliza baraza iko wapi.

Haikuwapo. Tulikuwa tumechora masanduku tisa ya baridi.
Kalamu ya Biju ikazunguka juu ya karatasi,
ikakosa pa kutua,
ikatua juu ya nyumba ya tisa.

Na orodha ilikwisha pigiwa kura.
Wa tisa: Raya binti Hilali, miaka sabini na minane,
mshonaji wa kofia, mgonjwa wa goti la kushoto.
Shangazi yangu.
Nililipigia jina lake mstari. Ni wino:
chini ya mstari bado linasomeka.

Nikaenda kumwambia mwenyewe,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi,
ngazi thelathini na nane. Kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Alikuwa anatia uzi sindanoni, hakuinua kichwa.
"Hiyo baraza ina upana gani?"
Mita nne kwa sita.
"Ifanyeni saba. Na ielekee kaskazini,
jua la huku halina adabu."
Nilingoja alie.
Akaniuliza kama nimekula.

Leo nyumba nane zina watu.
Mzee Sinani amepanda nanaa kwenye kopo la rangi.
Alfajiri Bi Ghaniya hupita na bakora yake,
mlango kwa mlango, gonga mbili;
asipojibiwa hagongi ya tatu, hupiga ukelele.
Juzi kumbe mtu alikuwa anaoga.

Shangazi hufika saa nne na kikapu cha kofia,
hukaa mwisho wa baraza, kwenye mita ile ya saba.
Wageni hudhani anaishi pale.
Wakimwuliza nyumba yake ipi, huonyesha kwa sindano,
popote.

Magharibi namrudisha.
Hupanda akishika ukuta, nami nyuma yake
nimetanua mikono kama mtu anayeswaga kuku.
Ngazi ya ishirini na mbili husimama,
hujifanya anatafuta ufunguo.
Nami hujifanya naamini.

Kitabu changu, ukurasa wa mwisho:
nyumba ya tisa, ghorofa hakuna, ngazi hakuna,
akiba riali mia mbili na kumi na mbili, baisa mia sita.
Hii peke yake naiandika kwa kalamu ya risasi,
maana Ijumaa kuna sambusa.